Kwa nini Niassa ni kubwa lakini watu wake ni wachache?

Ndugu aliyeuliza kama jimbo la Niassa nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, lina watu wachache kwa sababu ardhi yake ni mbovu, nimjibu kuwa sivyo. Nimenunua maharage Lichinga, makao makuu ya jimbo, kwa misimu kadhaa, na udongo wa uwanda ule, ulioinuka zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, hustawisha mahindi na viazi bila shida, ingawa mwezi Juni usithubutu kulala huko bila blanketi zito.

Hilo ndilo jimbo kubwa kuliko yote Msumbiji. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 129,000, yaani linaizidi nchi nzima ya Malawi, lakini sensa ya 2017 ilihesabu watu milioni 1.8 hivi, wakati Malawi ilikuwa na zaidi ya milioni 17.

Kwa maoni yangu, kilichowapunguza watu ni historia. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa ilitoka huko kwenda Kilwa, na Wayao, waliokuwa wafanyabiashara wakubwa wa njia hiyo, waliupata Uislamu kupitia biashara hiyo. Baadaye Kampuni ya Niassa, iliyotawala kwa idhini ya Ureno hadi 1929, ilitoza kodi ya kibanda na kuwashurutisha watu kufanya kazi, hata wengi wakahamia Nyasaland (Malawi ya leo) na Tanganyika. Vita vya ukombozi, kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoisha 1992, viliwakimbiza wengine. Mwaka 1983 serikali ilifanya kinyume: iliwakamata mijini watu waliodaiwa hawana kazi na kuwapeleka Niassa kwa nguvu, kana kwamba jimbo halikuwa na wenyewe.

Wenyewe wapo. Wayao wameenea sehemu kubwa ya jimbo, Wamakua wako zaidi upande wa Cuamba, kusini mwa jimbo, na Wanyanja wanaishi kando ya Ziwa Nyasa. Hata ndani ya Hifadhi ya Niassa, yenye kilomita za mraba 42,000, kuna vijiji, na warina asali wa Kiyao humwita kwa mlio maalumu ndege anayewaongoza hadi kwenye mzinga.

Anayetoka Songea apite Mitomoni, avuke daraja la Ruvuma aingie Matchedje, ambako FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, kilifanya mkutano wake mkuu wa pili mwaka 1968. Kiswahili kitamfaa zaidi karibu na mpaka, kwa kuwa wazee wengi waliwahi kuishi Tanzania kama wakimbizi; ila asiende na lori wakati wa mvua.