Mtambue kiwavi kabla ya kubeba bomba

Mkulima akikuta majani ya mahindi yametobolewa, mara nyingi hukimbilia duka la pembejeo na kuomba "dawa ya wadudu". Kwa miaka niliyolima mahindi na mboga mkoani Morogoro, nimeona fedha nyingi zikipotea kwa njia hiyo, kwani muuzaji hawezi kulitibu shamba ambalo mwenyewe hujalikagua.

Mtazame kiwavi kichwani kwanza. Kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni bara la Amerika na aliyethibitishwa kuingia Tanzania mwaka 2017, ana alama ya rangi hafifu mfano wa herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Viwavijeshi wetu wa zamani huvamia kwa makundi yanayohama, ilhali huyu huzama ndani ya moyo wa mmea wa mahindi, yaani kwenye majani machanga ya katikati, na kujiziba kwa kinyesi kinachofanana na unga wa mbao. Akishajiziba hivyo, dawa inayopuliziwa juu ya majani haimfikii.

Kwa hiyo mtafute angali mchanga. Mahindi yakishaota, kagua mara mbili kwa wiki, ukitafuta majani yaliyokwanguliwa yakabaki na utando mwembamba unaopitisha mwanga, pamoja na mafungu ya mayai yaliyofunikwa kwa manyoya, ambayo huminywa kwa vidole bila gharama yoyote. Miche miwili katika kila kumi ikiwa imeshambuliwa, pulizia jioni, mdomo wa bomba ukielekea kwenye moyo wa mmea. Badilisha pia kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, wala si jina la chupa tu. Zipo chupa za majina tofauti zenye emamektini ileile, na wadudu huizoea.

Kwenye kabichi, kiwavi mdogo wa kijani anayefurukuta ukimgusa, kisha akaning'inia kwa uzi, ni wa nondo wa kabichi, ambaye huwa sugu kwa dawa upesi mno. Kantangaze, kiwavi wa nondo anayeshambulia nyanya, ni mgumu zaidi, kwa kuwa hula akiwa katikati ya ngozi mbili za jani. Mimi huchuma majani yenye mabaka na kuyafukia mbali na shamba kabla sijafikiria kupulizia.