Kapata asilimia 96, basi ni mwizi?

SWALI: Shikamoo kocha. Niko Tabata, nacheza chesi mtandaoni, gemu za dakika kumi. Juzi jamaa kanifunga kwa muvu 19, kuangalia uchambuzi nakuta usahihi wake asilimia 96, wangu 61. Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu anasema nikimpa elfu kumi ataiskani akaunti ya jamaa na kunithibitishia kama anatumia kompyuta. Nimlipe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimlipe hata mia.

Gemu uliyonitumia nimeipanga ubaoni nikaicheza yote. Muvu sita za mwanzo ni ufunguzi wa Kiitaliano, watoto ninaowafundisha wanao kichwani. Muvu ya tisa ukamwachia farasi bure, halafu mfalme wako bado kasimama katikati, hapo jamaa alihitaji injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza chesi, ya nini? Kila kitu kiko wazi, anakula kinacholiwa. Gemu ya namna hiyo hata mtoto wa darasa la sita anapata 96, maana ile namba inapima umekaribia kiasi gani chaguo la injini, haipimi chaguo lenyewe lilikuwa gumu kiasi gani. Hili nalisema kila wiki na kila wiki naletewa skrinshoti nyingine, kocha cheki huyu, asilimia 95, kocha huyu mwizi.

Na kibaya zaidi, mwizi anayejua kazi yake humkamati kwa namba hiyo. Anacheza mwenyewe gemu nzima, anachungulia injini mara mbili tu pale pagumu, anamaliza na asilimia 84 na wewe unampongeza. Kwa hiyo asilimia inawaonea wasafi na kuwapitisha wezi.

Kinachosema zaidi ni saa. Mtu wa kawaida akiliwa kete anakula palepale, sekunde moja, akifika kwenye mtego anakaa nusu dakika, wakati mwingine dakika nzima. Anayesoma majibu kwenye simu ya pembeni anatumia sekunde sita saba kwa kila muvu, hata pale ambapo hakuna cha kuchagua. Jamaa yako mimi nimemwangalia, ukimtega anakaa, ukimwachia kete anakula mara moja. Na hata saa peke yake haitoshi. Profesa Kenneth Regan wa Chuo Kikuu cha Buffalo kule Marekani, ambaye miaka mingi amefanya kazi hii na FIDE, shirikisho la chesi la dunia, analinganisha chaguo za mchezaji na zile zinazotegemewa kwa mtu wa reitingi yake, yaani alama za kiwango chake, tena kwenye gemu nyingi, na bado anasema kwa lugha ya uwezekano. Sasa huyo wa elfu kumi kaona nini ambacho profesa hakukiona? Anaitia gemu kwenye Stockfish, programu ya bure kabisa, anakusomea majibu. Rekodi za mtu kuhama dirisha au jinsi anavyobofya anazo mwenye tovuti tu, na akikuomba nywila yako eti ndiyo skani ifanye kazi, hapo anaitaka akaunti yako.

Jamani hizi tuhuma za kwenye magrupu zinaumiza watu. Mwaka jana binti wa kidato cha pili niliyekuwa namfundisha aliitwa mwizi mbele ya watu zaidi ya mia mbili, kisa gemu moja aliyomfunga mtu mzima, skrinshoti ikazunguka na jina lake juu. Akaunti yake haijawahi kufungwa mpaka leo. Lakini mazoezini haji tena, na mama yake nikimpigia ananiambia mwalimu mwache kwanza.

Wewe kama roho haijatulia bonyeza kitufe cha kuripoti, wenye tovuti ndio wa kuangalia gemu zake, na jina lake usilipeleke kwenye grupu. Halafu rudi kwenye ile muvu ya tisa uniandikie, farasi wako alikuwa analindwa na kete gani?