Chuya Hazisafishwi

Swali: Naandika skripti fupi ya sheli (orodha ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza) ya kuondoa mafaili ya zamani kwenye mashine ya Unix. Juu yake nimeweka maelezo: "Skripti hii inasafisha mafaili yasiyotakiwa." Mwenzangu anataka niandike "inadiliti". Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hakuna, na kosa lako ni kubwa kuliko lake.

"Kudiliti" nimechoka kuipigia kelele. Anayeisikia walau anajua kuna kitu kinapotea. "Kusafisha mafaili" siivumilii, maana inapotosha.

"Safi" tuliipata kwa Waarabu. Ukisafisha kitu, kitu kinabaki na uchafu unatoka. Mtazame mama aliyeketi na ungo wa mchele mapajani. Anapepeta, pumba zinaruka. Anainama, anaokota chuya moja, kijiwe kimoja, anavirusha kando, kuku wanakimbilia. Muulize anafanya nini, atakwambia: "Nasafisha mchele." Hata siku moja hatasema "nasafisha chuya"! Mchele unasafishwa, unaingia chunguni, chuya zinatupwa. Hayo mafaili yako ya zamani, tuseme nakala za akiba zenye majina yanayoishia .bak, ndiyo chuya, na saraka, yaani folda iliyoyabeba, ndiyo mchele. Safisha saraka. Mafaili yaondoe.

Wala si ubishi wa maneno matupu. Katika ofisi moja nilikokuwa nahariri miongozo, mkubwa aliandika "safisha mafaili ya mwezi uliopita", akikusudia yapangwe na majina yake yarekebishwe. Kijana akaandika rm. Amri hiyo haina kapu la taka la kurudi kuchakura: ukishabonyeza Enter, basi. Ripoti za mwezi mzima zikaenda, na lawama akatwishwa kijana. Mimi naitwisha ile "safisha".

Na "kufuta"? Siikatai, ila "kuondoa" inaipita. Herufi rm zenyewe ni ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana hiyohiyo, na ndivyo amri inavyofanya kazi: huondoa jina la faili kwenye saraka. Faili likiwa na jina la pili mahali pengine, yaliyomo yapo palepale. Ubao ukishafutwa haubaki na maandishi.

Andika hivi:

#!/bin/sh
# Huondoa mafaili ya .bak yasiyobadilishwa kwa zaidi ya siku 30
find "$HOME/kazi" -type f -name '*.bak' -mtime +30 -print

Iendeshe kwanza hivyohivyo, maana -print huorodhesha tu bila kuondoa, uisome orodha jina kwa jina, kama yule mama na ungo wake. Ukiridhika, toa -print uweke -exec rm -i {} \; nayo itakuuliza kabla ya kuondoa kila faili. Na tafadhali, usiipe jina la safisha.sh. Iite ondoa-bak.