Anza na matawimto: kwa mnaoingia kazi ya maji bonde la Rufiji

Wewe uliyepangiwa bonde la Rufiji, iwe ni kupima mtiririko, kukagua vibali au kukaa na jumuiya za watumia maji, usianze na Rufiji wenyewe. Jina hilo linaanzia pale Kilombero na Luwegu inapokutana, karibu na maporomoko ya Shuguri. Maji yake yote yana historia huko juu, kwenye matawimto.

Tawimto ni mto unaomwaga maji yake ndani ya mto mwingine ulio mkubwa kuliko wenyewe. Ukubwa huo ni wa kulinganisha tu. Ruaha Mkuu ni tawimto la Rufiji, na wenyewe hupokea Ruaha Mdogo, Kisigo, Ndembera, Mbarali, Kimani na Chimala. Ndiyo maana katika ripoti usiandike "tawimto la Mbarali" ukaishia hapo. Msomaji hatajua kama Mbarali unapokea au unamwaga. Andika "Mbarali, tawimto la Ruaha Mkuu". Na kule delta, Rufiji unapogawanyika kuelekea baharini, mikono ile inatoa maji mtoni badala ya kuyaleta, basi usiiite matawimto hata kama ramani inaonyesha matawi.

Jambo ninalowasihi mlishike kuliko yote ni hili: msikadirie mchango wa tawimto kwa ukubwa wa eneo lake. Ruaha Mkuu unakusanya maji kutoka karibu nusu ya bonde zima, lakini mchango wake kwa Rufiji ni takriban asilimia 15. Kilombero, wenye eneo lisilofika robo, unaleta zaidi ya asilimia 60. Safu ya Udzungwa na nyanda za juu za Njombe hupata mvua nyingi, na vijito vyake havikauki. Upande wa Ruaha Mkuu, sehemu kubwa ni nchi kavu, na maji machache yaliyopo yanagawanywa kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, mengine yanapotea hewani katika kinamasi cha Ihefu kabla hayajafika bwawa la Mtera.

Hili linaniuma, nami sioni sababu ya kulificha. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, viboko wakabanana kwenye madimbwi. Ukisimama hapo hifadhini hutaona kilichosababisha. Panda juu, kwenye mabanio ya matawimto, yaani pale maji yanapochepushwa kuingia mifereji, uangalie maji yanayoingia mfereji na yanayobaki mtoni. Fanya hivyo Oktoba au Novemba. Wakati wa masika kila mto unaonekana mzima.

Wazee wa kijiji waulizwe mapema. Mto mmoja huweza kuwa na jina hili juu na jina lile chini, na Kilombero wengine huuita Ulanga. Kibali kikitolewa kwa jina ambalo wanakijiji hawalitambui, ugomvi wa zamu za maji hautaisha.

Kuhusu vipimo: kituo cha tawimto kisiwe karibu mno na makutano. Mto mkubwa ukijaa husukuma maji yarudi nyuma, kina kinapanda kwenye rula ilhali tawimto halijaongeza kitu, na hesabu ya mtiririko inapotoka. Panda juu hadi mahali ambapo mafuriko ya mto mkubwa hayafiki. Penye shaka, pima mara tatu siku hiyohiyo: kwenye tawimto, kwenye mto mkubwa juu ya makutano, na chini yake. Mbili za kwanza zijumlishwe zikaribiane na ya tatu. Zisipokaribiana, rudia vipimo kwanza, kisha tafuta mfereji ulioupita. Ukingo wa kulia na wa kushoto huhesabiwa ukitazama maji yanakoelekea, popote uliposimama.