Barua kwa mwanangu: pendo la Mungu na masharti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Huku Moshi sote wazima, baba yako anakusalimu.

Umeniuliza: kama Mungu anatupenda bure, mbona Yesu anasema, "Mkizishika amri zangu, mtakaa katika pendo langu"? Tena umesema umeacha kushiriki Chakula cha Bwana mpaka ujirekebishe.

Anza na mstari unaotangulia, Yohana 15:9. Wanafunzi wanaambiwa kwanza kwamba amewapenda, ndipo wanaambiwa wakae humo. Paulo anawaandikia Warumi kwa uwazi zaidi: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Luther naye, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alisema pendo la mwanadamu huamshwa na kitu kinacholipendeza, ila la Mungu halikuti cha kulipendeza, hukiumba lenyewe. (Sisi Walutheri wa mlimani tunalijua jina lake kuliko maandishi yake.)

Sasa zile amri ni za nini? Mtazame yule baba wa Luka 15. Kijana mdogo anadai urithi baba yake angali hai. Kwetu Uchagani ukidai kihamba, yaani shamba la ukoo, hivyo, ukoo mzima utaitishwa kikao. Yule mzee akamgawia, akamwacha aende zake. Kule nchi ya mbali kijana alikuwa anapendwa vilevile, ila alikuwa akifa njaa kwa sababu pendo lenyewe alilipa kisogo. Hivyo ndivyo ninavyoelewa kukaa. Amri zinatuzuia tusitoroke nyumbani; kuzaliwa humo hatukukulipia.

Anayenisumbua mimi ni kaka mtu. Miaka yote yuko shambani, hajakosa amri hata moja, na bado moyoni anahesabu mwanambuzi ambaye hakupewa. Watu wa namna hiyo tunao wengi usharikani, hasa zinaposomwa ahadi za sadaka za bahasha. Wanadhani Mungu anawadai, au wao wanamdai. Lakini naye baba alimtokea nje akamsihi aingie, kama alivyomkimbilia mdogo aliporudi. Mzee yule alitoka mara mbili siku hiyo, na hakuna mtoto aliyekuwa amestahili.

Kwa hiyo Jumapili ushiriki. Ibada yenyewe inaanza na maungamo, na huko ndiko kujirekebisha kunakoanzia. Mzee wa kanisa akikuuliza habari za bahasha, mwambie mtaongea baada ya ibada.

Mama yako