Michoro ya Kolo kwa siku moja: inawezekana, ila wahi kuondoka

Dada, umeuliza kama familia yenye watoto wawili na bibi mwenye magoti mabovu inaweza kutoka Dodoma mjini kwenda kuona michoro ya miambani Kondoa na kurudi siku hiyohiyo. Inawezekana. Barabara ni lami. Ondokeni alfajiri, mkanywe chai Kondoa mjini kisha msonge mbele hadi Kolo, kijiji kilicho karibu na michoro.

Msipande mlimani moja kwa moja. Piteni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale pale Kolo, mlipe kiingilio na mpewe mwongozaji. Bila yeye mtazunguka vichakani bure, maana maeneo haya, yaliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, yametawanyika sana.

Sasa bibi. Njia ya kupanda Mungomi wa Kolo, mwamba wenye michoro juu mlimani, ina mawe na kipande cha mwisho kinapanda hasa. Mimi mwenyewe nilikalishwa njiani mara mbili, na magoti yangu ni mazima! Bibi abaki chini: mwachieni kivuli, maji na mtu wa kupiga naye soga.

Juu, msiwe na pupa. Macho yakishazoea kivuli, ule wekundu uliofifia unageuka twiga, kisha watu wembamba warefu wenye vichwa vya ajabu. Wakatazeni watoto kugusa au kumwagia maji ili rangi ikolee. Warangi, wenyeji wa hapa, bado wanafanya matambiko huko, kwa hiyo mkikuta vitu vimewekwa pangoni, viacheni.

Viatu vya kufunga, tafadhali. Sendo hapana.