Swali la Lugha: Kifaa Huhisi Mtandao au Masafa?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano. Katika muhtasari wa mradi wangu nimeandika: "Kifaa cha mtandao huhisi mtandao ili kijue kama mtandao uko wazi kabla ya kuutumia." Mwenzangu anashikilia kwamba "kuhisi" ni kazi ya moyo wa mtu, si ya mashine, na kwamba ningeandika "kutambua". Nani kati yetu amesema sawa? – Msomaji, Kasarani, Nairobi.

JIBU: Kuhusu "kuhisi" umesema sawa, na nitaeleza sababu. Hata hivyo, siwezi kulipita neno jingine ambalo limejitokeza mara tatu katika sentensi hiyo moja, kila mara kwa maana tofauti, bila yeyote kati yenu kulitilia shaka: mtandao.

Asili yake ni kutanda. Wingu hutanda na buibui hutanda, na mtandao ni vitu vingi vilivyounganishwa vikaenea. Ni neno zuri, nami sina ugomvi na asili yake; ugomvi wangu ni na namna tulivyoliachia limeze kila neno lililo karibu nalo. Mkaazi wa Nairobi akiishiwa na bando hana mtandao. Akiingia kwenye lifti mawimbi yakakatika, mtandao umepotea. Kampuni inayomuuzia salio ni mtandao. Uvumi alioupata asubuhi ameutoa mtandaoni. Katika mazungumzo ya kituo cha matatu nalivumilia hilo, kwa kuwa wanaosemezana wako pamoja na kila mmoja anajua mwenzake anakusudia nini. Katika maandishi ya uhandisi halivumiliki hata kidogo.

Hebu tuifumue sentensi yako. Katika "kifaa cha mtandao", mtandao ni vifaa vyako vilivyounganishwa. Katika "huhisi mtandao", kinachohisiwa ni mawimbi yanayorushwa na mtu mwingine. Katika "mtandao uko wazi", kilicho wazi ni masafa, yaani njia ya hewani ambayo mawimbi hupitia. Umemwita mtafutaji, mtafutwa na mahali pa kutafutia kwa jina moja, kisha unamtaka msomaji abashiri. Tena maana inapinduka: mtandao ulio wazi ni ule ambao minara yake imesimama na vifaa vyake vimeunganishwa, ila kwa wakati huo hakuna anayepitisha data, ilhali masafa yaliyo wazi ni yale ambayo hapo ulipo hakuna anayerusha mawimbi juu yake. Shirika la matatu si barabara, na barabara ikiwa tupu hatusemi kwamba shirika ni tupu.

Ninakazia jambo hili kwa sababu teknolojia unayoiandikia imesimama juu ya tofauti hiyo hiyo. Joseph Mitola na Gerald Maguire walipoeleza wazo la redio tambuzi mwaka 1999, walikusudia redio inayoyafahamu mazingira yake na kujirekebisha ipasavyo. Waliofuata wakaitumia kwa tatizo la masafa yaliyogawiwa wenye leseni ilhali sehemu kubwa hukaa bila kutumika mahali fulani au saa fulani. Mradi wa Mawingu ulioanzishwa Nanyuki mwaka 2013 ulipeleka intaneti vijijini kwa masafa ya runinga yasiyotumika katika eneo hilo. Mtu akiandika kwamba Nanyuki walitumia "mtandao mtupu wa runinga" ameandika uongo, kwa maana mitandao ya runinga ilikuwa hewani ikifanya kazi. Yaliyokuwa matupu ni masafa yaliyobaki kati ya stesheni na stesheni. Wapo wanaolikataa neno masafa wakidai kwamba kwa asili yake ya Kiarabu ni umbali tu. Wamechelewa: watangazaji wa redio walilizoesha katika masikio yetu zamani, na halihitaji ruhusa mpya.

Sasa turudi kwa mwenzako. Kuhisi katika Kiswahili si kuguswa moyo peke yake. Tunasema "nahisi kuna mtu mlangoni", na asemaye hivyo amepata dalili, hajapata hakika. Hivyo ndivyo kifaa chako kilivyo. Kwa njia iliyo rahisi zaidi, hupima nguvu ya mawimbi kwa muda mfupi na kuilinganisha na kizingiti kilichowekwa. Kelele ikipanda, hudhani mwenye leseni yupo kumbe hayupo. Mawimbi yakififia, hudhani hayupo kumbe yupo, na hapo ndipo humharibia mtazamaji picha. Kifaa kilicho chini, nyuma ya maghorofa ya Eastleigh, kinaweza kukosa kabisa mawimbi ya mnara wa Limuru ambayo antena iliyo juu ya paa inayapokea vizuri. Ndiyo maana Tume ya Mawasiliano ya Marekani mwaka 2008 ilivitaka vifaa vinavyotumia masafa matupu ya runinga vihisi ishara ya hadi −114 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), iliyo dhaifu kuliko kelele ya kipokezi chenyewe, na mwaka 2010 ikaviondolea sharti hilo vile vinavyojua mahali vilipo na kuuliza hifadhidata masafa yapi yako wazi. Kuandika "hutambua" mahali pa kazi yenye shaka kiasi hicho ni kukipa kifaa hakika ambacho hakina.

Mwenzako hajakosa kila kitu. Zipo njia ambazo kifaa huzijua mapema sifa za ishara kinayoitafuta, ama umbo lake ama mirudio iliyomo ndani yake, na kwa sifa hizo kikaipambanua na kelele. Hapo "kutambua" ni neno lake hasa.

Andika hivi: "Kifaa huhisi masafa ili kibaini kama mwenye leseni anayatumia, kabla ya kurusha mawimbi yake." Mtandao uutaje utakapofika kwenye sura inayoeleza jinsi vifaa vyako vinavyounganishwa na kupashana matokeo ya kuhisi, maana huko upo kweli.